Octavia Butler: Bingwa wa hadithi fupi asiyependa kuziandika

Mnamo mwezi Machi mwaka 2021 Shirika la Anga za Juu la Marekani, NASA, lilitangaza kwamba mahali kilipotua chombo chake kiitwacho Perseverance katika sayari ya Mirihi patajulikana kwa jina la Octavia E. Butler. Chombo hicho kiliundwa katika maabara iliyo pembezoni mwa mji wa Pasadena, jimboni California. Pasadena ndiko alikozaliwa Butler, tarehe 22 Juni 1947, baba yake akiwa mpiga viatu rangi na mama yake mtumishi wa nyumbani. Alipokuwa na umri wa miaka 12 alitazama katika televisheni filamu moja iliyotengenezwa Uingereza, kuhusu mwanamke wa Mirihi aliyekuja duniani kutafuta wanaume. Akajiambia kwamba hata yeye angeweza kutunga kisa bora kuliko kile. Kisha likamjia wazo la pili, lenye uzito zaidi: kwamba kulikuwa na mtu aliyelipwa fedha kwa kukiandika.

Wengi wanaomfahamu Butler wanamfahamu kwa riwaya zake, hususan Kindred ya mwaka 1979, na Parable of the Sower ya mwaka 1993, ambayo iliingia katika orodha ya vitabu vinavyouzwa sana nchini Marekani mwaka 2020, miaka 14 baada ya kifo chake. Leo, hata hivyo, ningependa tuziweke riwaya kando, tuziangalie hadithi zake fupi. Ni chache mno. Za maisha yake yote hazijazi vidole vya mikono miwili. Yeye mwenyewe alikiri waziwazi kwamba hakupenda kuandika hadithi fupi, na kwamba jitihada za kuziandika zilimfunza kuhusu kukata tamaa kuliko alivyotaka kufunzwa. Na bado, ukiniuliza ni nani nimsome ili nijifunze namna hadithi ya aina hii inavyojengwa, nitakutajia yeye kabla ya mwingine yeyote.

Aina gani hiyo? Hapa Kiswahili chetu bado hakijatulia. Wapo wanaosema bunilizi ya kisayansi, na wapo wanaosema hadithi za kubuni za kisayansi, lakini maneno hayo yanaziacha nje hadithi nyingi ambazo hazina maabara wala roketi. Mimi huziita hadithi za "ingekuwaje". Ingekuwaje kama binadamu wote wangeamka asubuhi moja hawawezi kusema? Ingekuwaje kama mwanamume ndiye angebeba mimba? Mwandishi hubadilisha jambo moja katika dunia tuijuayo, kisha hukaa nalo kwa uaminifu hadi mwisho. Wala jambo lenyewe si geni kwetu. Shaaban Robert alipochapisha Kusadikika mwaka 1951, alituchukua hadi nchi iliyo angani ili tupate kuitazama vizuri nchi iliyo chini ya miguu yetu. Kilichokuwa kigeni ni soko la hadithi hizo, na soko hilo lilizaliwa Marekani, tena, kwa furaha yangu mimi mtu wa redio, lilizaliwa mikononi mwa mtu wa redio.

Hugo Gernsback alizaliwa Luxembourg mwaka 1884 na kuhamia Marekani mwaka 1904. Aliuza vipuri vya redio, akachapisha majarida ya mafundi wa redio, na mwaka 1925 akaanzisha kituo cha redio mjini New York. Mwezi Aprili mwaka uliofuata alitoa toleo la kwanza la Amazing Stories, jarida la kwanza la Kiingereza lililojazwa hadithi za namna hii pekee. Alilipa waandishi kwa neno, fedha kidogo na mara nyingi kwa kuchelewa. Lakini kutokana na jarida hilo na mengine yaliyolifuata, hadithi fupi ikawa ndiyo karakana ya fani nzima. Mwandishi alikuwa na kurasa chache, msomaji aliyesimama kwenye kibanda cha magazeti, na aya moja au mbili za kumshika asiondoke.

Tangu mwishoni mwa mwaka 1937 sauti iliyosikika zaidi ilikuwa ya mhariri John W. Campbell, wa jarida la Astounding, ambaye aliketi katika kiti hicho hadi alipofariki dunia mwaka 1971. Campbell aliwadai waandishi wake wafikiri: ukibadilisha jambo moja, sema kila kitu kingine kitabadilika vipi. Hilo lilikuwa jema. Lakini kesho aliyoifikiria ilikuwa na wenyewe. Mwandishi Mmarekani mweusi Samuel R. Delany amesimulia jinsi riwaya yake Nova ilivyopelekwa kwa Campbell mwaka 1967 na kukataliwa, kwa maelezo kwamba wasomaji wa jarida hilo wasingeweza kujihusisha na mhusika mkuu mweusi. Tafakari kidogo, msikilizaji. Wasomaji waliokuwa tayari kujihusisha na viumbe vya sayari za mbali walidhaniwa kushindwa na nahodha mwenye asili ya Senegal. Na si kwamba hapakuwa na mfano. W. E. B. Du Bois alikwisha kuchapisha mwaka 1920 hadithi iitwayo The Comet, ambamo gesi yenye sumu inaua watu wa New York na kumwacha hai mtumishi mweusi wa benki. Hadithi hiyo ilikuwamo kitabuni, lakini haikuwamo katika soko la majarida.

Hilo ndilo soko aliloliona mbele yake msichana wa Pasadena. Alikuwa mrefu kupita wenzake, mwenye haya, na kusoma kulimpa taabu kwa sababu herufi zilimchezea machoni. Mama yake alimletea nyumbani vitabu na majarida yaliyotupwa na matajiri aliowafanyia kazi. Alipokuwa na miaka 10 alimsihi mama amnunulie taipureta, naye akanunuliwa. Shangazi yake alimweleza, kwa mapenzi kabisa, kwamba mtu mweusi hawezi kuwa mwandishi. Butler alisimulia baadaye kwamba alikuwa na miaka 13 na hakuwa amesoma neno lolote ambalo alijua limeandikwa na mtu mweusi. Kisha akatokea mtu aliyejiita wakala wa waandishi, akataka alipwe kwanza ili asome hadithi ya binti huyo. Mama alitoa dola 61 na senti 20, zaidi ya kodi ya nyumba ya mwezi mzima. Mtu huyo alikuwa tapeli. Nimefanya kazi na waandishi chipukizi kwa miaka mingi, na ninasikitika kusema kwamba kabila hilo la mawakala halijakwisha duniani.

Alipokuwa mwaka wa kwanza katika chuo cha Pasadena City College alishinda shindano la hadithi fupi, akapata dola 15, malipo yake ya kwanza kwa kalamu. Kisha akaingia kwenye vibarua: kuosha vyombo, kuuza bidhaa kwa simu, kukagua viazi vya kukaanga kiwandani. Aliamka saa nane au saa tisa za usiku ili aandike kabla ya kwenda kazini. Katika warsha ya waandishi mjini Los Angeles alikutana na Harlan Ellison, ambaye alimhimiza aende Clarion.

Clarion ni mji mdogo jimboni Pennsylvania. Mwaka 1968 mwalimu Robin Scott Wilson alianzisha katika chuo cha hapo warsha ya wiki sita ya kufundisha uandishi wa hadithi za namna hii, akiiga mkutano ambao Damon Knight na wenzake walikuwa wakiufanya tangu mwaka 1956 katika mji mwingine wa jimbo hilo, Milford. Utaratibu wake ni rahisi kuueleza na mgumu kuuvumilia. Kila wiki huja mwandishi mwingine kufundisha. Wanafunzi huandika mchana na usiku, hupeana hadithi, kisha huketi kwa duara. Kila mmoja kwa zamu husema ameona nini na wapi alipotea njia. Mwenye hadithi hukaa kimya. Haruhusiwi kujibu wala kufafanua mpaka wote wamemaliza. Faida ya kimya hicho ni kubwa kuliko inavyoonekana: mwandishi hatakuwepo sebuleni kwa msomaji kumweleza alichokusudia, basi na azoee mapema.

Butler alifika Clarion mwaka 1970. Delany alikuwa miongoni mwa walimu, na miongoni mwa wanafunzi alikuwapo Vonda McIntyre, aliyekuja kuanzisha warsha kama hiyo upande wa magharibi, mjini Seattle. Butler aliondoka akiwa ameuza hadithi mbili. Ya kwanza, Crossover, ilitoka mwaka 1971 katika mkusanyiko wa wanafunzi wa warsha hiyo. Ya pili, Childfinder, ilinunuliwa na Ellison kwa ajili ya kitabu ambacho kilikaa bila kutoka miaka nenda miaka rudi. Wasomaji waliipata mwaka 2014, mwandishi akiwa kaburini miaka minane. Baada ya mauzo hayo mawili alidhani mlango umefunguka. Akakaa takriban miaka mitano bila kuuza neno. Riwaya yake ya kwanza, Patternmaster, ilichapishwa mwaka 1976.

Sasa tuje kwenye hadithi zenyewe. Bloodchild ilichapishwa mwaka 1984 na ikapata tuzo za Nebula na Hugo. Asili yake ni hofu ya mdudu. Butler alikuwa akijiandaa kusafiri hadi misitu ya Amazon nchini Peru, akasoma habari za nzi wa huko ambaye mayai yake huingia mwilini kupitia jeraha la kuumwa na wadudu wengine. Buu hukua chini ya ngozi, na mgonjwa hushauriwa asilikamue, bali asubiri mpaka litoke lenyewe. Sisi tuliolelewa Afrika Mashariki tunamjua ndugu yake nzi huyo, ndiyo maana mama zetu walipiga pasi hata nguo za ndani. Butler alifanya kile anachofanya mwandishi mwenye hofu: aliiandika. Lakini hakuandika kisa cha kutisha. Aliwaweka binadamu katika dunia ya wenyewe, viumbe wakubwa wenye miguu mingi, ambao wanahitaji miili ya wageni hao ili mayai yao yaanguliwe. Kijana Gan amelelewa karibu na mmoja wao, anampenda, naye usiku mmoja anaona kwa macho yake gharama ya mapenzi hayo.

Wasomaji wengi walisema kwamba hii ni hadithi ya utumwa. Butler alikataa. Alisema ni hadithi ya mapenzi, ni hadithi ya mwanamume kubeba mimba, na ni hadithi ya kulipa kodi ya pango. Nilipoisoma mara ya kwanza, nikiwa mgeni katika nchi baridi, na karatasi zangu za ukaazi zikiwa mezani kwa ofisa nisiyemjua, neno hilo la kodi lilinigusa kuliko mabuu yote. Hadithi nyingi za safari za anga zilizotangulia zilichukulia kwamba binadamu akifika sayari ngeni atajenga boma, atapandisha bendera, na wenyeji watajipanga. Butler anauliza swali ambalo Mswahili wa Muscat, wa London au wa Minneapolis analijua bila kufundishwa: umefika kwa watu, huwezi kurudi, wao wana nguvu na wewe huna, utatoa nini, na utabakiza nini kiwe chako? Gan hasemi ndiyo kama mtumwa, wala hasemi hapana kama shujaa wa sinema. Anajadiliana. Anadai apewe heshima ya kuaminiwa na bunduki iliyo ndani ya nyumba. Mapatano hayo ndiyo kilele cha hadithi, na yanafanyika jikoni.

Speech Sounds ilitangulia kidogo. Ilitoka mwishoni mwa mwaka 1983 katika jarida lililobeba jina la Isaac Asimov, na mwaka 1984 ikapewa tuzo ya Hugo ya hadithi fupi, tuzo inayobeba jina la yule muuza vipuri vya redio kutoka Luxembourg. Butler ameeleza ilikotoka. Alikuwa na rafiki aliyekuwa akifa kwa saratani, naye alikuwa akimtembelea kila juma. Siku moja akiwa njiani ndani ya basi aliona watu wakipigana hadi damu kumwagika, bila sababu ya maana. Akashuka na swali: je, binadamu watapata lini kujifunza kuzungumza bila ngumi?

Hadithi inaanza ndani ya basi mjini Los Angeles, na ngumi tayari ziko hewani. Hatuambiwi lolote kwanza. Tunaona tu kwamba wanaogombana hawatukanani. Wananguruma na kutoa ishara za mikono. Polepole tunaelewa kwamba ugonjwa fulani umepita na kuua wengi, na kwamba waliosalia umewanyang'anya, huyu usemi, yule kusoma, mwingine vyote viwili pamoja na akili. Ugonjwa ulitoka wapi? Hakuna ajuaye. Watu walilaumu Warusi, sumu ya hewa, hasira ya Mungu. Butler anaupitia uvumi huo upesi na kuendelea na safari.

Hapo, msikilizaji, ndipo ninapoona haya. Miaka mingi iliyopita nilijaribu kuandika hadithi kuhusu mji wa pwani uliomezwa na bahari. Nilitumia kurasa 11 kueleza kwa nini maji yalipanda, nikataja vipimo na majina ya pepo. Mhariri aliyenirudishia aliandika pembeni, kwa penseli, swali moja: "Nani analia?" Nilikasirika wiki nzima. Butler angeweza kujibu swali hilo tangu ukurasa wa kwanza. Analia Rye, mwanamke aliyepoteza mume na watoto watatu, aliyekuwa mwalimu wa historia chuo kikuu na mwandishi, na ambaye sasa hawezi kusoma hata kitabu chake mwenyewe. Bado anaweza kusema, lakini hadharani hathubutu, kwa sababu waliopoteza usemi huwaua kwa wivu wale ambao hawajaupoteza.

Watu wa dunia hiyo hawana majina ya kutamkwa, kwa hiyo kila mmoja hubeba kitu kinachomtambulisha. Rye ana kipini chenye umbo la suke la nafaka, kwa kuwa jina lake ni jina la nafaka. Mwanamume anayemwokoa, mwenye gari na sare ya polisi, amevaa shingoni jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, la aina ambayo waliotembelea Naivasha katika Bonde la Ufa wameliokota. Huenda jina lake lilikuwa Petro, huenda lilikuwa Mweusi. Rye anaamua kumwita kwa jina la jiwe hilo, Obsidian. Halafu mtu huyo anafungua ramani, na Rye anagundua kwamba anaweza kusoma. Kwa dakika moja anataka kumuua. Maelezo yangapi ya kitabibu yangetufundisha kuhusu ugonjwa ule kama dakika hiyo moja inavyotufundisha? Ramani, kipini na jiwe: vitu vitatu vinavyoingia mfukoni, na dunia nzima iliyoanguka inaonekana ndani yake.

Obsidian anauawa akijaribu kumtetea mwanamke anayekimbizwa na mtu mwenye kisu. Mwanamke naye anakufa. Wanabaki watoto wawili wadogo, na Rye anataka kuwaacha. Ana safari yake ya takriban maili 20 kwenda Pasadena kutafuta jamaa ambao huenda hawako hai, na amekwisha kuchoka na kuzika. Ndipo mtoto wa kike anapotamka neno. Ni neno la kumfukuza Rye, na mvulana anamnyamazisha upesi asisikike. Watoto hawa wamezaliwa baada ya ugonjwa, nao wanasema. Mwalimu aliyedhani hana tena wa kumfundisha anawainua, anawaambia kwa sauti kwamba wanaweza kuzungumza naye, na kuwatajia jina lake.

Nimewahi kufikiria namna ya kuisoma hadithi hii redioni. Kwa desturi ya kazi yetu, hadithi isiyo na mazungumzo humchosha msikilizaji. Tunapenda sauti mbili zijibizane. Hapa kwa kurasa karibu zote hakuna anayesema. Msomaji mmoja angebeba kila kitu peke yake, na sauti ya mtoto ingekuja mwishoni kabisa, baada ya msikilizaji kuwa amesahau kwamba kuna sauti nyingine. Mtayarishaji mwenye haraka angeiondoa sauti hiyo na kumwachia msimulizi aseme "mtoto akasema", ili kuokoa malipo ya mwigizaji. Ningemkatalia. Nina binti ambaye nikimsemesha Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza, siku zote, isipokuwa anapokuwa na homa.

Butler alifariki dunia tarehe 24 Februari 2006, nje ya nyumba yake karibu na Seattle, akiwa na umri wa miaka 58. Mwaka mmoja kabla, mkusanyiko wake wa hadithi fupi ulitolewa upya ukiwa na hadithi mbili mpya, na kila hadithi ikiwa na maelezo mafupi ya mwandishi mwishoni kuhusu ilikotoka. Anayetaka kujifunza kazi hii na aanze na kitabu hicho. Karatasi zake, pamoja na daftari alizojiandikia maneno ya kujipa moyo alipokuwa hana kitu, zimehifadhiwa katika maktaba ya Huntington, jirani na Pasadena. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba riwaya yake Wild Seed, inayoanzia Afrika Magharibi mwaka 1690, ingetengenezwa kuwa tamthilia ya televisheni, na aliyepewa kuiongoza ni Mkenya, Wanuri Kahiu, yule wa filamu fupi ya Pumzi ya mwaka 2009. Na katika warsha ya Clarion, ambayo sasa hufanyika San Diego, na ile ya Seattle, umekuwapo tangu mwaka 2007 ufadhili wenye jina la Butler kwa waandishi wasio wazungu. Utaratibu wa duara ulikuwa huu: wenzako wakizungumza juu ya hadithi yako, wewe unanyamaza.